Waya mweusi hutoka mwanzo, hurudi mwisho

Wiki hii siasa nimeiweka kando. Nataka tuzungumze juu ya kitu ambacho wengi wetu tunacho uani na hatukijui vizuri, nacho ni betri ya gari. Jinsi ya kuifungua na kuirudisha nyumbani bila kujiumiza ni jambo dogo kulielewa, lakini mimi nimelijua kwa njia ya kuungua, na alama yake ninayo kidoleni hadi leo.

Ilikuwa Jumatatu. Mama alikuwa na kliniki ya presha Mombasa saa tatu asubuhi, na sisi tunakaa Kikambala, upande wa baharini wa barabara kuu ya Malindi. Baada ya swala ya alfajiri nikatoka kuwasha gari. Nikazungusha ufunguo, nikasikia tek, tek, tek, na taa za dashibodi zikafifia. Nilipofungua boneti nikaona vichwa vya betri vimeota unga mweupe wenye rangi ya kijani, kama ukungu juu ya mkate wa juzi. Nikajiambia kazi ni rahisi, nitavifungua, nitavisugua, nitavirudisha, na tutafika kabla ya foleni.

Stashahada yangu ni ya uhasibu. Lakini mwanamume akishashika spana mbele ya mamake, huona haya kuiweka chini. Nikaanza na waya mwekundu kwa sababu ndio uliokuwa karibu na mkono wangu. Nati ilikuwa imeshika. Nikavuta kwa nguvu, spana ikateleza, mkia wake ukagusa chuma cha bodi. Palilia mlio kama fataki, cheche zikaruka, na pete yangu ya fedha ikabanwa baina ya spana na kile chuma. Haikuchukua hata nukta moja ya saa, lakini pete ilishakuwa moto kama kaa. Niliivua na ngozi yake.

Mama, aliyekuwa ameketi kiti cha mbele na buibui lake na daftari la kliniki mapajani, alipiga kelele: "Toka hapo baba! Kliniki iko kila mwezi, mwana niliyenaye ni wewe!" Tukaenda kwa matatu. Tulichelewa, na mama akakaa kwenye benchi mpaka adhuhuri.

Alasiri nikamwita fundi waya mmoja wa Majengo, kijana wa umri wa mpwa wangu. Akaitazama spana iliyoyeyuka ncha, akaangalia kidole changu, akauliza swali moja tu: "Ami, ulianza na upi?" Nikamwambia mwekundu. Akatikisa kichwa. "Waya mweusi hutoka mwanzo, hurudi mwisho. Ukishika hilo pekee, mengine utajifunza polepole."

Nimelishika. Na kwa kuwa mimi ni mtu wa kuuliza sababu, nilimkalisha kwa kahawa na kaimati mpaka akanieleza kwa nini. Haya ndiyo niliyoyapata kwake, pamoja na niliyoyasoma baadaye.

Kwa nini mweusi mwanzo

Betri ya gari la kawaida ina vyumba sita, kila kimoja kikitoa volti mbili na kidogo. Ukijumlisha unapata volti 12 na ushei. Ina vichwa viwili vya risasi, yaani yale madini mazito laini. Kimoja kina alama ya kujumlisha na waya wake aghalabu ni mwekundu au una kifuniko chekundu. Hicho ndicho chanya. Cha pili kina alama ya kutoa na waya wake ni mweusi. Hicho ni hasi, ambacho mafundi wetu wengi hukiita athi.

Umeme hautembei bila njia ya kwenda na kurudi. Watengenezaji wa magari, ili kupunguza nyaya, walilifanya bodi lote kuwa njia ya kurudi. Waya mweusi umefungwa kwenye bodi na injini. Maana yake ni kwamba kila chuma unachokiona ndani ya boneti ni kama kichwa hasi cha betri kilichotandazwa gari zima.

Sasa fikiria spana iko kwenye nati ya waya mwekundu na mkia wake ukagusa bodi. Umeunganisha chanya na hasi moja kwa moja kwa kipande cha chuma, na hiyo ndiyo shoti. Volti 12 hazitoshi kukurusha ukizigusa kwa mkono mkavu, na hapo ndipo wengi hudanganyika. Hatari ya betri iko kwenye wingi wa umeme unaoweza kutoka kwa mara moja. Plagi ya birika la umeme ukutani hulindwa na fyuzi ya ampea 13. Betri ya gari ikipigwa shoti hutoa mamia ya ampea, na hapo kati hapana fyuzi. Chuma huwa chekundu, nati hushikana kama imechomelewa, na pete huwa tanuri.

Lakini ukianza na waya mweusi, spana ikigusa bodi haitokei kitu, kwa sababu ni hasi inagusa hasi. Na ukishautoa, bodi limeachana na betri. Hapo hata spana ya waya mwekundu ikigusa bodi, umeme hauna njia ya kurudi. Wakati wa kurudisha ni kinyume chake. Mwekundu hufungwa bodi lingali halina uhai, na mweusi huja mwisho kufunga mlango.

Wakati gani unahitaji kufanya kazi hii

Kusafisha vichwa ndiyo sababu ya kwanza kwetu sisi watu wa pwani. Upepo wa bahari una chumvi, hewa ina unyevu, na chuma hapa hakikai. Ule unga ukizidi, umeme hupita kwa taabu, na gari hugoma hata betri ikiwa nzima.

Ya pili ni safari ndefu. Gari lililozimwa halilali kabisa. Saa, alamu na kompyuta yake huendelea kunyonya betri kidogo kidogo. Anayekwenda Umra au anayesafiri kwa mwezi mzima akitoa waya mweusi kabla ya kuondoka, atarudi alikute gari lina nguvu. Kwa hilo huna haja ya kuugusa mwekundu kabisa.

Ya tatu ni kuchomelea. Ukipeleka gari au tuktuk kwa mchomeleaji, toa betri kwanza. Umeme wa mashine ya kuchomelea ukipita kwenye bodi unaweza kuiua alteneta na kompyuta ya gari. Ya nne ni kubadilisha betri iliyochoka. Joto letu huzichosha mapema kuliko baridi ya bara.

Matayarisho

Egesha gari mahali tambarare penye hewa, chini ya mwembe ni bora kuliko ndani ya banda lililofungwa. Betri, hasa inapochajiwa, hutoa gesi ya haidrojeni, na gesi hiyo ikifika sehemu 4 tu katika 100 za hewa inaweza kulipuka. Kwa hivyo hapana sigara, hapana kiberiti, na jiko la makaa liwe mbali.

Vua pete, saa na bangili. Vaa miwani, hata ile ya jua, na glavu za mpira ukizipata. Ndani ya betri mna asidi ya salfa, na tone moja linatoboa kanzu. Weka karibu mtungi wa maji safi lita 20, kwa sababu huku kwetu mfereji hukatika siku unayouhitaji. Asidi ikiingia jichoni, fungua jicho ulioshe kwa maji yanayotiririka kwa dakika 20 bila kukoma, halafu uende hospitali hata kama maumivu yamepungua. Ikimwagikia ngozi, mimina maji mengi vilevile.

Kwa magari mengi ya Kijapani spana namba 10 inatosha. Utahitaji pia brashi ya waya au msasa, kitambaa kikavu, magadi ya kupikia, na grisi au Vaseline kidogo.

Kabla ya kugusa kitu, fikiria redio. Magari mengi yaliyotoka Japani yana redio ambayo ikikatiwa umeme hujifunga, kisha huomba kodi au kadi ya ramani kwa maandishi ya Kijapani. Kama gari lako ni hivyo na kodi huna, muulize fundi kwanza.

Kufungua

1. Zima gari, toa ufunguo, uweke mfukoni. Zima taa, redio na feni. Teremsha kioo kimoja, kwa sababu magari mengine hujifunga yenyewe umeme unaporudi. Kama betri iko ndani ya buti, liache buti wazi, la sivyo utajifungia nje.

2. Ngoja dakika 10. Kompyuta na mifuko ya hewa ya usalama huhitaji muda wa kutulia.

3. Tafuta alama kwenye betri yenyewe, usiamini rangi ya waya peke yake. Fundi aliyepita huenda alitumia waya aliokuwa nao.

4. Regeza nati ya kichwa hasi. Usiitoe kabisa, regeza tu, kisha kizungushe kibanio kushoto na kulia huku ukikivuta juu. Kikigoma, mwagia maji ya uvuguvugu yenye magadi, usikipige nyundo. Risasi ni laini na kichwa hung'oka.

5. Kikishatoka, kifunike kwa kitambaa kikavu na kiweke mbali kisijirudie chenyewe. Kama unaliacha gari kwa ajili ya safari, umemaliza.

6. Kama unaitoa betri, sasa regeza waya mwekundu kwa namna ileile, kisha fungua chuma kinachoishika betri isitikisike. Inyanyue kwa mikono miwili ikiwa wima, ukikunja magoti. Ina uzito wa kilo 10 hadi 20, na mgongo wa mtu wa miaka arobaini na kitu si wa kuchezewa.

Kusafisha

Koroga kijiko kikubwa cha magadi kwenye kikombe cha maji ya uvuguvugu. Mwagia vichwa na vibanio, utaona povu, na povu hilo ni asidi inayopoozwa. Kama betri ni ile ya kuongezwa maji, hakikisha vifuniko vyake vimekazwa ili magadi yasiingie ndani. Sugua mpaka chuma king'ae, suuza kwa maji safi, kausha.

Na maadamu tumetaja maji, nisemapo maji ya betri nakusudia yale yanayouzwa kwenye chupa kwa kazi hiyo. Maji ya visima vyetu yana chumvi. Ukiyatia ndani ya betri umeiua kwa mkono wako. Wala usiongeze asidi, maana kinachopungua ndani ni maji tu.

Kurudisha

1. Iweke betri mahali pake, vichwa vikiwa upande uleule wa mwanzo, na ukaze chuma cha kuishika. Betri inayorukaruka kwenye makorongo ya njia zetu haiishi.

2. Funga mwekundu kwenye chanya na ukaze. Tazama alama mara mbili. Ukikosea ukageuza, utaunguza fyuzi kubwa, na pengine alteneta na kompyuta, kwa sekunde moja.

3. Hakikisha milango imefungwa na taa zimezimwa. Kisha funga mweusi kwenye hasi. Cheche ndogo ni kawaida, kompyuta zinavuta umeme wake wa kwanza. Ukiona cheche kubwa au waya unapata moto, toa hapo hapo na umwite fundi.

4. Kaza mpaka kibanio kisizunguke kwa mkono, pasi na kulazimisha. Paka grisi au Vaseline juu yake kuizuia chumvi.

5. Alamu ikilia, tuliza kwa ufunguo ulio mfukoni. Washa gari uliache lingurume dakika kumi bila kulikanyaga. Huenda likanguruma ovyo mwanzoni, kompyuta inajifunza upya. Weka saa sawa. Vioo vya umeme vikikataa kupanda vyenyewe, vipandishe hadi juu na uendelee kushikilia swichi kwa sekunde chache.

Kama una mita, ipime betri gari likiwa limepumzika saa kadhaa. Volti 12.6 ni betri iliyojaa, 12.2 ni nusu, chini ya 12 imekwisha. Injini ikiwaka inapaswa kusoma baina ya 13.8 na 14.5. Ikibaki kwenye 12, tatizo ni alteneta wala si betri, na pesa za betri mpya utakuwa umezitupa.

Mambo mawili ya kukataa

La kwanza ni jaribio la zamani ambalo bado nalikuta barabarani. Fundi huwasha gari, kisha hung'oa waya wa betri injini ikinguruma, kuona kama alteneta inafanya kazi. Lilifaa magari ya babu zetu. Kwa gari la leo betri ndiyo inayotuliza umeme wa alteneta, na ukiing'oa volti huruka ghafla na kompyuta hufa. Akianza, mwambie kwa heshima: hapana kaka, nipimie kwa mita.

La pili ni magari ya haibridi kama Toyota Aqua na Prius, ambayo sasa yamejaa barabara hii. Yana betri mbili. Ile ndogo ya volti 12, ambayo mara nyingi hukaa nyuma, hufunguliwa kwa utaratibu huuhuu, gari likiwa limezimwa kabisa na ufunguo uko mbali. Ile kubwa ina volti zaidi ya 100, na hizo zinaua. Nyaya zake ni za rangi ya machungwa. Ukiona rangi hiyo, ondoa mkono wako.

Betri kuukuu haitupwi

Hapa ndipo nilipotaka kufika. Zaidi ya nusu ya uzito wa betri ni risasi, na risasi ni sumu. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango chake kilicho salama kwa mtoto. Sisi watu wa pwani hatuhitaji kuelezwa na mgeni. Owino Uhuru iko hapo Mikindani, Mombasa, ambapo kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilipelekea sumu majumbani mwa watu kabla ya kufungwa 2014. Phyllis Omido, aliyefanya kazi kiwandani humo na mwanawe akapatikana na risasi mwilini, alisimama na majirani wake, na 2015 akatunukiwa Tuzo ya Goldman ya mazingira. Mwaka 2020 mahakama ya Mombasa iliamua wakazi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3. Kesi ikapandishwa, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairejesha amri hiyo. Fidia hairudishi waliokufa.

Kwa hivyo betri ikifa, usiitupe shimoni nyuma ya nyumba, hapo ndipo maji ya kisima yanapopita. Usiwape watoto waivunje wapate risasi ya kutilia nyavu uzito. Irudishe dukani unaponunua mpya. Maduka mengi huipokea na kupunguza bei.

Mwezi uliofuata kliniki ya mama iliangukia tena Jumatatu. Jumapili jioni nilivua pete, nikatoa mweusi, nikasugua, nikarudisha mwekundu, kisha mweusi. Mwanangu wa darasa la saba alikuwa kando ameshika mtungi wa maji, na nilimwachia yeye akaze nati ya mwisho. Mama alitutazama kutoka barazani, hakusema neno mpaka gari lilipowaka. Ndipo akauliza: "Sasa pete unavaa, ama wangoja mpaka tufike hospitali?"

Niliivaa. Tulifika saa mbili na nusu.